Mtoto mwenye mtindio wa ubongo afanyie wapi mazoezi?

Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo, akiambiwa "endelea na mazoezi nyumbani", mara nyingi huona kama ameondolewa kwenye foleni. Kliniki imejaa, mtaalamu wa fiziotherapia ni mmoja, basi anapewa karatasi ya maelekezo aende zake. Uchungu wake unaeleweka. Hata hivyo, hata kama kila mtaa ungekuwa na kliniki, sehemu kubwa ya tiba hii ingebaki kuwa ya nyumbani.

Kwa miongo mingi tiba ilikuwa mikononi mwa mtaalamu. Njia ya Berta na Karel Bobath, iliyoanzia London miaka ya 1940, ilimtaka auongoze mwili wa mtoto kwa mikono yake na kulegeza misuli iliyokaza. Mwaka 2013 mtafiti Iona Novak wa Australia na wenzake walipitia tafiti zilizopo, wakaona njia hiyo, pamoja na kunyoosha viungo peke yake, ina ushahidi hafifu. Walichokipa alama nzuri ni mtoto mwenyewe kurudia kazi anayoihitaji: kushika kikombe, kuinuka kwenye kigoda, kuvaa shati. Programu za nyumbani nazo zilikuwemo katika kundi hilo la juu. Kikombe na kigoda viko wapi, kama si nyumbani?

Kuna hesabu ambayo wazazi hawaelezwi vya kutosha. Mwaka 2002 mtafiti Peter Rosenbaum na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 657 wa Ontario, Kanada. Kwa makadirio yao, mwenye ulemavu mwepesi hufikia asilimia 90 ya uwezo wa juu atakaoufikia wa kukaa, kusimama na kutembea akikaribia miaka 5. Mwenye ulemavu mzito kabisa, kabla ya kutimiza miaka 3. Sasa mchukue huyo wa pili, ambaye ndiye mgumu zaidi kumfikisha kituo cha basi. Akihudhuria saa moja kila wiki kwa miaka 3 bila kukosa hata mara moja, atapata saa 156. Hazitimii siku 7. Muda wake wote uliobaki yuko mikononi mwa familia. Umri huo wa miaka 5 na 3 ni wastani, wala si tarehe ya mwisho. Mama wa mtoto wa miaka 6 asiambiwe amechelewa, kwani stadi mpya bado hujifunzwa.

Wanaotetea kliniki wana hoja nzito. Takriban theluthi moja ya watoto hawa nyonga zao huanza kuhama kutoka mahali pake, na hakuna mzazi anayeweza kuliona hilo mapema bila eksirei. Uswidi ina mpango wa kuwafuatilia tangu 1994, na watoto ambao nyonga zao huchomoka kabisa wamepungua mno.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya mzigo. Mama huyuhuyu anapika, analima, analea wengine. Ukimwongezea saa za mazoezi, mtoto asipopiga hatua atajilaumu. Kwa hiyo mazoezi yaingizwe kwenye kuoga, kuvaa na kula, na baba, bibi na ndugu wafundishwe pia. Mtaalamu achague shabaha pamoja na familia, awaone wakijaribu, apange eksirei ya nyonga, kisha arudi kuangalia. Kliniki inayotoa karatasi bila kumfuatilia mtoto haijampa tiba ya nyumbani.