Stelingi Asiye na Masharti Hanipati

Nikiletewa filamu ya mashujaa wa kuruka, ya majini au ya sayari za mbali, suali langu la kwanza si nani kacheza wala imekula dola ngapi. Nauliza: masharti yake yepi? Sisi tuliokulia Unguja tumelelewa hivyo. Katika hadithi za bibi zetu hakuna jini aliyempa mtu utajiri bure. Usigeuke nyuma. Usimwambie mkeo. Chumba cha saba usikifungue. Na watoto tulijua tangu mwanzo kwamba chumba kitafunguliwa. Kilichotuweka macho ni kungojea kitafunguliwa lini.

Kwa kipimo hicho picha nyingi kubwa zinaanguka. Chukua Superman ya 1978. Christopher Reeve simsemi vibaya, nguo ile haijampendeza mwengine kama ilivyompendeza yeye. Lakini mwisho wake! Lois Lane, mwanamke anayempenda, kafa, kafukiwa ndani ya gari. Bwana anaruka juu, anaizunguka dunia mbio mpaka wakati unarudi nyuma, na mwanamke yu hai kama kwamba hakikutokea kitu. Sasa kama uwezo huo alikuwa nao, wasiwasi wote tuliokuwa nao ulikuwa wa nini? Vijana wana kauli yao kwamba stelingi hafi. Sawa, asife. Lakini alipe basi, japo kidogo.

Kwangu mimi anayelipa vizuri kuliko wote ni Mr. India, picha ya Shekhar Kapur ya 1987. Wapo watakaocheka. Wacheke. Mji uliokuwa na majumba ya sinema ya Majestic kule Vuga, Empire pale Darajani na Cine Afrique Malindi ulimpenda Sridevi, nyota wa kike wa picha hii, kuliko wengi wa Hollywood, na sioni kwa nini nijifanye mimi nilianzia kwengine. Mimi mwenyewe niliikuta kwenye kanda ya video, rangi zimeshachujuka, na bado ilinimaliza.

Arun, anayechezwa na Anil Kapoor, hana mbele wala nyuma. Kapanga nyumba, kaijaza mayatima, na madeni yanamfuata kila pembe. Baba yake, mwanasayansi, ameacha kifaa cha kuvaa mkononi, ukikivaa huonekani. Sharti ni moja tu: mwanga mwekundu unakufichua. Salim Khan na Javed Akhtar, waandishi wake, hawakuhitaji zaidi ya hapo. Tangu ulijue sharti hilo, kila taa nyekundu kwenye skrini inakutia roho juu. Hakuna aliyekueleza uogope, unaogopa mwenyewe. Huo ndio ufundi, na haukutoka kwenye kompyuta.

Halafu kuna adui. Amrish Puri kakaa kwenye kiti chake cha enzi na nywele za dhahabu za kubandika, na kila akiridhika anajitangazia mwenyewe kuwa Mogambo amefurahi. Hadi leo barazani kwetu mtu akishinda bao la dhumna hutamka hivyo hivyo kwa Kihindi chake cha kuokoteza. Ila kinachonirudisha kwenye picha ile ni yule mtoto Tina, anayeuawa na bomu. Hafufuki. Arun na uwezo wake wote wa kutoonekana hawezi kumrudisha, na kuanzia hapo kicheko cha picha kinabadilika ladha. Mlinganishe na bwana aliyeizungusha dunia, kisha uniambie nani shujaa.

Kuna jambo jengine linalonishangaza hapa kwetu. Wageni wanapelekwa kuoneshwa nyumba inayohusishwa na mwimbaji Freddie Mercury, wanapiga picha mlangoni, wanaambiwa kazaliwa hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kisha wanapelekwa kununua viungo. Hakuna anayewaambia kwamba sauti ya kijana huyu wa Unguja imo ndani ya filamu mbili za ajabu zenye wapenzi wao mpaka leo. Bendi yake, Queen, ndio waliotia muziki kwenye Flash Gordon ya 1980, filamu ya kipuuzi kwa makusudi, rangi kama kanga za sikukuu, ambayo bila ule muziki ingeshasahauliwa. Na ndio walioimba ndani ya Highlander ya 1986.

Highlander ina masharti yaliyonyooka kuliko ya filamu yoyote ya upanga ninayoijua. Wapiganaji wake hawafi mpaka wakatwe kichwa. Hawapigani mahali patakatifu. Hawazai. Na mwisho atabaki mmoja tu. Connor MacLeod anaoa huko Scotland, na mke wake Heather anazeeka mbele ya macho yetu, nywele zinageuka nyeupe, huku yeye yuko vile vile, kijana, anamshika mpaka anakata roho. Wimbo unaopita hapo, unaouliza nani anataka kuishi milele, aliuandika Brian May, mpiga gitaa wa Queen, lakini ukisikia sauti inayouimba unajua ni ya nani. Sijawahi kuipita sehemu hiyo kwa haraka. Uzima wa milele ukioneshwa kama mkosi, mtu mwenye kuzika wazee wake anaelewa bila tafsiri.

Kisha wakaja na sehemu ya pili mwaka 1991, wakasema watu hawa kumbe wametoka sayari nyengine. Yote yaliyojengwa yakabomolewa kwa sentensi moja. Sina la kuongeza hapo.

Katika mashujaa wa Marekani wa siku hizi, moyo wangu uko kwa Spider-Man 2 ya Sam Raimi, ya 2004. Nawaambia vijana waliokuja na hawa wapya: kaeni chini muitizame. Filamu inaanza na Peter Parker akipeleka pizza kwa pikipiki, anachelewa, anafukuzwa kazi. Kodi ya chumba anadaiwa. Darasani anafeli. Msichana anayempenda amechoka kungojea. Kila anapomwokoa mtu, kuna kitu chake kinaharibika, na hakuna anayemfidia. Vijana wetu wa bodaboda wanaolala saa nane za usiku na kuamkia barabarani alfajiri wangemuelewa kijana huyu haraka kuliko profesa yeyote wa filamu. Mpaka mwili wenyewe unagoma: uzi hautoki, anaanguka kutoka juu, macho yanarudi kuhitaji miwani.

Na ile ya treni. Anaizuia treni kwa kifua chake, anazimia, abiria wanamdaka na kumpitisha mikononi juu ya vichwa vyao, kinyago hana, na wanaona kwamba ni mtoto tu. Wavulana wawili wanamrudishia kinyago na kumuahidi hawatasema. Filamu ilipata Oscar ya mbinu maalumu za picha (visual effects), na Doctor Octopus wa Alfred Molina kweli anatisha, lakini mimi nakumbuka zile nyuso za abiria. Nimewahi kusema barazani kwamba hakuna filamu ya mashujaa iliyoipita hii. Nikajibiwa, "Shehe, wewe unapenda mashujaa masikini tu." Huenda. Tony Stark, yule Iron Man, tajiri, lakini hata yeye namheshimu kwa sababu mwaka 2019, katika Avengers: Endgame, alipiga vidole mara moja na akalipa kwa roho yake. Nikisema kulipa, ndiyo hivyo.

Black Panther ya 2018 nitaisema kwa uangalifu kwa sababu watu wanaipenda hadi hawataki isemwe. Niliipenda kwa jambo ambalo halitajwi sana. Mfalme wa Wakanda anapata nguvu kutokana na mmea, lakini akitaka kuthibitishwa lazima kwanza anyweshwe dawa ya kumuondolea nguvu hizo, kisha aingie majini pale kwenye maporomoko apigane kama mwanamume wa kawaida na yeyote anayeudai ufalme. Mwongozaji Ryan Coogler angeweza kutuachia mfalme huyo, T'Challa, asiyeshindika. Badala yake anashindwa, tena mbele ya watu wake, na mpinzani wake Killmonger anachukua kiti kwa haki kabisa kwa mujibu wa sheria. Ndiyo maana ugomvi wa nani alikuwa na hoja haujesha mpaka leo. Ninachokilaumu ni pigano la mwisho kule mgodini: Chadwick Boseman na Michael B. Jordan, waigizaji wawili wa nguvu, wamegeuzwa vikaragosi vya kompyuta visivyo na uzito. Tulikuwa tunataka kuona nyuso zao.

District 9 ya Neill Blomkamp, ya 2009, ni kali zaidi, na chungu. Viumbe wa nje wamekwama juu ya Johannesburg, wamewekwa kambini kwenye vibanda vya mabati, na kila Mwafrika aliyewahi kusikia habari za makaburu anajua anaoneshwa nini. Silaha zao hazifyatuki kwa mkono wa binadamu. Wikus, mhusika mkuu, anaweza kuzitumia kwa sababu tu mwili wake umeanza kugeuka kuwa kama wao. Kila hatua ya nguvu ni hatua ya kupoteza ubinadamu wake, mke wake na nyumba yake. Sharti kali kama hilo sijaliona pengine. Doa lake ni namna ilivyowachora Wanaigeria, majambazi walaji wa viumbe, na serikali ya Nigeria ilikuwa na haki ilipoyataka majumba ya sinema yaache kuionesha. Filamu inayosema dhidi ya ubaguzi isingelikuwa na haja ya kumtafuta wa kumbagua.

Dune ya Denis Villeneuve nzuri, tena sana. Jangwani kule unatakiwa utembee bila mpigo, ukienda kwa mwendo sawa funza wa mchangani anakusikia na kukujia. Ila ni picha ya skrini kubwa na spika za kutikisa viti, na hapa kwetu wengi tunaitizama kwenye simu au laptopu kutoka kwenye flashi. Mwaka 1955 Majestic ilijengwa upya baada ya jumba la kwanza kuungua moto, lakini Empire sasa watu wanaingia kununua mchele na sabuni. Tusiendelee na habari hiyo, itaniharibia siku.

Kuna moja ambayo haihitaji jumba kubwa. Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009, ni fupi, dakika ishirini na kidogo tu. Vita vya kugombea maji vimeshapita, watu wanaishi ndani kwa ndani, nje inasemekana hakuna kilicho hai. Jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena, na maji yanagaiwa kwa kipimo. Asha anapata udongo wenye uhai, anaotesha mche, anatoroka nao nje, na maji ya kuulea mche huo hayatoki pengine ila mwilini mwake mwenyewe. Wapemba ambao mashamba yao ya mpunga yanaingiliwa na maji ya chumvi hawataiona kuwa ni hadithi ya kubuni tupu.

Ndipo ninapowageukia watengenezaji wetu. Kila mwaka Tamasha la Nchi za Jahazi, tamasha letu la filamu, linajaza Ngome Kongwe, na Amil Shivji kwa Vuta N'kuvute ya 2021 alionesha jinsi vichochoro vya Mji Mkongwe vinavyoweza kupigwa picha mpaka mwenyeji akavishangaa upya. Sasa mbona hatuna filamu kubwa ya Popobawa, lile jini la popo linalosemekana kuwavamia watu usiku vitandani? Mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walihama vitanda vyao wakalala nje, makundi makundi, moto umewashwa, mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi. Na masharti yake yako tayari, hakuna haja ya kubuni: aliyejiwa lazima awatangazie wenzake, akinyamaza kwa aibu, anarudiwa. Mtu analazimika kuchagua baina ya hofu na heshima yake mbele ya mtaa mzima. Mwandishi gani wa Hollywood ana kitu kama hicho?

Msiniambie pesa. District 9 ilikula dola milioni 30 hivi na sizitaki hizo. Pumzi imefanya kazi yake bila ya hizo. Huyo mnyama asionekane hata mara moja ikibidi. Nataka mkeka uwanjani, majirani wamekaa macho, na mtu mmoja katikati yao ambaye hajasema. Na mkimleta kijana wa kuja kumpiga popo ngumi angani dakika ya mwisho, mimi nainuka naondoka.