"Love of My Life" ibaki palepale
Kuna mwandishi aliyedai kwamba wimbo huu unapoozesha onyesho la Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na afadhali utolewe ili ziingie nyimbo za kasi; hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kwenye albamu ya 1975 una piano ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi, na kinubi alichopiga mpiga gitaa Brian May mwenyewe. Jukwaani May akaupanga upya kwa gitaa la nyuzi 12 lisilo la umeme, na hivyo ndivyo mashabiki wa Buenos Aires na São Paulo walivyouimba uwanja mzima mwaka 1981, Freddie akiwaachia tu. Sehemu kubwa ya usiku May anashika Red Special, lile gitaa la umeme alilounda na baba yake, shingo yake ikitokana na mbao za meko kuukuu, na analipiga kwa sarafu ya peni sita. Sauti ya gitaa hilo ni nene, imejaa. Masikio yanahitaji dakika chache za nyuzi tupu, bila umeme. Halafu marehemu Freddie, mzaliwa wa Unguja, anatokea kwenye skrini kuumalizia! Mimi ningepunguza solo ndefu ya gitaa kwanza. Wenzangu, nyinyi mngekata nini?