Shubiri ya Joe Burrow na jicho la mwalimu wa michezo

Mwezi wa pili ukielekea ukingoni, mji wetu wa Indianapolis hujaa wanaume wenye kofia za timu na saa za kuhesabia sekunde shingoni. Ni wiki ya Combine. Vijana zaidi ya 300 waliomaliza kucheza mpira wa Kimarekani vyuoni huitwa hapa kupimwa urefu, uzito, mikono, mbio na misuli kabla timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, hazijaamua nani wa kumchukua. Shughuli hii ni ya mji huu tangu 1987, na sisi tunaoendesha usiku gari za kuitwa kwa simu tunaisubiri kama wauza vitenge wanavyosubiri Idi.

Majina yenyewe yalinichekesha nilipofika. Kwetu kombaini ni timu: shule zinacheza, wanachaguliwa wazuri, inapatikana kombaini ya kata, kisha ya wilaya. Na drafti ni ule mchezo wa vizibo vya soda barazani, wazee wakigombana kuhusu nani kala kete ya nani. Huku kombaini ni mizani na futi, na drafti ni siku tatu za mwezi wa nne ambapo timu 32 hugawana vijana kwa zamu, iliyoburura mkia msimu uliopita ikichagua kwanza.

Mwaka juzi nilimbeba msaka vipaji mmoja, mzee mchangamfu, kutoka uwanja wa ndege. Nikamuuliza wanaangalia nini hasa. Tulipofika kwenye taa nyekundu akaniambia nitandaze mkono wa kulia juu ya kiti cha pembeni, vidole viachane mpaka viume. Akapitisha kidole chake hewani, kuanzia ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. "Inchi nane na nusu," akasema, na taa ikawaka kijani.

Nane na nusu ndiyo aliyopimwa hapa hapa Kenny Pickett mwaka 2022, na Pittsburgh Steelers wakamchukua akiwa wa 20. Kwa hiyo mimi na yeye tunalingana, ila yeye anajua kurusha.

Nilimshusha mzee, na nikiwa narudi peke yangu ndipo nikashtuka: kile alichopima ni shubiri! Shubiri ya mkono, si ile chungu. Bibi yangu kule Muheza, Tanga, alipima hivyo hivyo, gumba mpaka kidole cha mwisho, na ukili wa mkeka aliupima kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa ncha hadi ncha. NFL nao wanapima pima. Zile mbio zao maarufu za sekunde nne na ushei ni za wari 40, yaani yadi. Nimevuka bahari mbili kuja kukuta vipimo vya bibi vikitumika kuamua nani atakuwa tajiri.

Shubiri inahesabiwa kuwa inchi 9, na inchi 9 ndipo wasaka vipaji wengi wanapochora mstari kwa kwotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi. Wanasema mkono ukiwa mdogo mpira utamponyoka, hasa kwenye mvua na baridi ya Desemba. Mwaka 2020 Joe Burrow alipimwa akatoka na shubiri moja kamili, basi ikawa habari ya nchi nzima. Mwenyewe akatania mtandaoni kwamba anafikiria kustaafu kabla hajaanza, maana mpira utamteleza. Cincinnati Bengals walimchukua wa kwanza kabisa, na msimu wake wa pili aliwafikisha Super Bowl, fainali ya NFL.

Mechi ile ya Februari 2022 niliitazama kwa jirani yangu Mkongo kutoka Uvira, na mpaka leo nikibishana na watu kuhusu vipimo naianzia hapo. Upande wa pili, Los Angeles Rams, alikuwepo Aaron Donald. Mwaka 2014 alikuja Combine akapimwa futi 6 na robo tatu ya inchi, pauni 285, yaani kama kilo 129. Kwa macho yetu ni jitu. Kwa nafasi aliyocheza, ya kusukumana katikati na wanaume wa pauni 300 na zaidi, wengi walimwona kapungua. Timu zikachagua watu 12 ndipo naye akaitwa. Baadaye alitajwa mlinzi bora wa mwaka mara tatu. Sasa fikiria: dakika za mwisho kabisa, Bengals wako nyuma 23 kwa 20, wanahitaji wari moja tu waendelee. Burrow mwenye viganja vidogo anashika mpira, na Donald aliyekuwa mfupi mno anapenya, anamkamata kiunoni na kumzungusha, mpira unatupwa ovyo na kuanguka chini. Mchezo umekwisha. Jirani yangu akasema, "Hawa wawili walipimwa na nani?"

Nisidhaniwe kuwa napinga vipimo. Mchezo wenyewe ni wa miili kugongana, na anayelinda ubavu wa kwotabeki ana kilo 136 na zaidi. Mmoja wa mitihani ya Combine ni kulala chali na kuinua chuma cha pauni 225 mara nyingi uwezavyo. Hiyo ni mifuko miwili ya saruji na kidogo juu. Mkono mrefu nao una maana yake: anayemgusa mwenzake kifuani kwanza ndiye anayemwongoza. Lakini angalia wanavyofika mbali. Mwaka 2025 mjadala wa wiki nzima ulikuwa kuhusu Will Campbell, mlinzi wa ubavu, ambaye mikono yake ilipimwa hapa ikatoka inchi 32 na tano ya nane, wakati wengi wanataka 33 au 34. Chuoni kwao ikapimwa tena, ikawa 33. Mkono wa mtu mzima umerefuka! New England Patriots wakamchukua wa nne. Na Joe Thomas, mlinzi wa ubavu wa Cleveland ambaye mpira ulianzishwa mara 10,363 mfululizo akiwa uwanjani mpaka alipoumia, naye mikono yake haikuzidi inchi 32 na nusu.

Ndugu zangu wa nyumbani nikiwasimulia haya wanasikitika. "Wazungu wanapima watu kama mbuzi wa mnada." Hilo siwezi kulikana. Wanaopimwa wengi ni vijana weusi, wamevuliwa mashati, na wanaoandika wamekaa kwenye viti. Mtu wa pwani anayejua habari za soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, hawezi kuangalia bila mwili kusisimka. Lakini baada ya hapo wanaongeza neno linalonikera: "Sisi tunaangalia kipaji."

Sisi nani?

Mwaka niliotakiwa kuanza darasa la kwanza mwalimu alitupanga mstari chini ya mwembe. Hakuna aliyeulizwa cheti. Pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Vidole vyangu viliishia kwenye nywele, vikapapasa, nikainamisha kichwa ili visogee, akaniona. "Huyu bado. Mwakani." Mama alikuwa amesimama hatua tano pale, anajua siku niliyozaliwa na mvua iliyonyesha, na hakuulizwa. Aliyekuwa na mikono mirefu akaenda shule na miaka mitano. Hiki nacho si kipimo cha mwili?

Darasa la sita nilikuwa winga. Kwenye mechi za kutafuta kombaini, za UMISHUMTA ya wakati ule, mashindano ya shule za msingi, nilifunga mabao mawili siku moja, la pili nikimpiga kipa chenga. Jioni yakasomwa majina. Langu halikusomwa. Nilijikaza nikamfuata mwalimu wa michezo, akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, polepole, kama anayekagua gunia la mahindi. "Mpira unaujua, dogo. Mwili huna. Nenda kale ugali." Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka maana ungefanyaje. Aliyepewa nafasi yangu alikuwa na ndevu.

Vijeba hao, wakubwa wanaojifanya watoto, tunawajua wote, na nadhani wametuharibia mpira kuliko njaa ya watoto. Ukichagua mwili, utapata mwili, hata uwe wa miaka 20 kwenye timu ya watoto. FIFA walichoka wakaanza mwaka 2009 kupiga picha za MRI za vifundo vya mikono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Na Serengeti Boys wetu, timu ya Tanzania ya chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Afrika Gabon 2017 kwa sababu Kongo Brazzaville walishindwa kumpeleka mchezaji wao mmoja kwenye kipimo hicho. Tulishangilia sana. Huku wanapima kiganja kujua kama mpira utashikika, kwetu wanapima kifundo kujua kama mtoto ni mtoto.

Tofauti ninayoiona mimi baada ya miaka 14 huku ni hii. Kipimo cha Mmarekani kinaandikwa, na kikiandikwa kinaweza kumuumbua aliyekiandika. Mwaka 2012 Russell Wilson alipimwa futi 5, inchi 10 na tano ya nane. Hiyo ni kama sentimita 179. Muheza mtu huyo anachuma machungwa bila ngazi, huku aliambiwa hataona juu ya mabega ya wenzake. Akachukuliwa na Seattle Seahawks wa 75, kwotabeki wa sita mwaka ule. Mmoja wa waliomtangulia alikuwa na karibu futi 6 na inchi 7. Februari 2014 Wilson akashinda Super Bowl 43 kwa 8, na yule mrefu alikuwa benchi la walioshindwa. Namba ile haikusahaulika. Mwaka 2019 alipokuja Kyler Murray, mfupi kuliko Wilson, Arizona walimchukua wa kwanza. Mwaka 2023 Carolina wakamchukua Bryce Young, wa kimo kile kile, naye wa kwanza. Young alihangaika, mpaka akawekwa benchi mwaka uliofuata, na wanaopenda warefu wakasema si tuliwaambia. Sawa, wabishane. Wana cha kubishania.

Kwetu aliyenikataa hakuandika popote. Mwaka uliofuata akamkataa mwingine, na mwingine, na hakuna daftari la kumwonyesha kwamba wale wafupi aliowatupa walikuwa wanafunga. Sisi hatukuwa namba, tulikuwa kicheko cha jioni moja.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mwili ukiwa mkubwa sana, huku nako wanasahau kuuliza kama unajua mpira. Mwaka 2013 Colts wa hapa Indianapolis walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mcheza raga wa futi 6 na inchi 5 ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu maishani. Waswahili wa mji huu tulitembea kifua mbele. Alicheza mechi za kuhesabu kwa vidole, na 2015 akaachwa. Jordan Mailata, Mwaustralia wa futi 6 na inchi 8 aliyetokea raga vile vile, Philadelphia walimchukua 2018 akiwa wa 233, wakamfundisha kwa subira, na leo ni miongoni mwa walinzi wa ubavu wanaosifiwa. Lakini timu hiyo hiyo, mwaka 2021, ilimchukua DeVonta Smith wa pauni 166, kilo 75, ambaye watu walisema upepo utamchukua. Februari 2025 wote wawili wakashinda Super Bowl. Kwetu mrefu anapelekwa golini na mnene anapelekwa golini, na mfupi anaokota mipira nyuma ya goli. Nilikuwa hodari sana wa kuokota mipira.

Hata kazini kwangu, ghalani, tangazo liliandika lazima uweze kuinua pauni 50. Msimamizi alinitazama kwa lile jicho la mwalimu, nalijua, halibadiliki kwa lugha. Lakini karatasi ilisema 50. Nikainua sanduku, nikaliweka, nikaajiriwa.

Mdogo wangu ni mwalimu wa msingi huko huko nyumbani, na sasa yeye ndiye anayechagua timu. Nilimpigia mwezi wa nne, wakati wa drafti, nikampa wazo: apime watoto wote, urefu, uzito, mbio za mita 40, aandike kwenye daftari, abandike ukutani, na mabao ya kila mmoja pembeni. Akanyamaza kidogo.

"Kaka," akasema, "nikibandika hivyo, mzazi akija kuuliza kwa nini wake kaachwa nitamwambia nini?"

Nikamwambia ndiyo hapo hapo ninapotaka.

Nilimpa futi mtu aliyekuwa anakwenda likizo, ile ya kitambaa yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Imefika. Mara ya mwisho kuulizia, shemeji yangu ambaye ni fundi cherehani alisema ni nzuri sana, haivutiki, na amenisalimia.