Geko wa mkia mnene: lawama ipo, ila imemkosa mwenye kosa

Wanaopinga ufugaji wa geko wa mkia mnene, mjusi wa Afrika Magharibi anayepatikana kuanzia Senegal hadi Kameruni, hurudia hoja mbili. Ya kwanza, kwamba ni mnyama wa porini asiyefaa kufungiwa kwenye tangi la kioo. Ya pili, kwamba hata akitunzwa huishia kupoteza vidole, kukonda mkia na kufa mapema, ilhali anaweza kuishi miaka 15 au zaidi. Hiyo ya pili ina ushahidi wa kutosha. Lakini ukifuatilia vidole hivyo vinavyopotea, utakuta aliyevikata ni ukavu, si tangi.

Geko huyu akikaribia kujivua gamba, hupauka mwili mzima. Muda si mrefu ngozi huchanika kuanzia mdomoni, naye huivuta na kuila. Kwa kuwa ameila, mfugaji hana cha kukagua ila mnyama mwenyewe, na wengi hawakagui. Hewa ikiwa kavu, ngozi ya vidoleni haitoki yote. Hubaki pete nyembamba ambayo hukauka, hunywea na kubana damu isipite. Kidole huvimba, huwa cheusi, kisha hukatika. Gamba linalofuata likiongeza pete ya pili juu ya ile ya kwanza, mambo huharibika upesi zaidi. Dawa yake ni ya dakika 15 tu: maji ya uvuguvugu yanayofika miguuni, kisha pamba iliyoloa unayoizungusha taratibu kutoka shina la kidole kwenda nchani. Kuvuta ngozi kavu kwa kibano ni kung'oa kidole kwa mkono wako.

Ukavu wenyewe aghalabu hutokana na maelekezo yaliyonakiliwa kutoka kwa geko chui, jamaa yake wa nyanda kame za Afghanistan na Pakistan. Wanafanana, ni kweli: wote wana kope zinazofumba na wote hawawezi kupanda kioo. Ila huyu wa Afrika Magharibi anataka unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 70. Mtu husikia neno savana, akamwaga mchanga mkavu, akaona kazi imekwisha. Savana hiyo ina kiangazi kirefu, sawa, lakini mjusi huyu hutoka usiku. Mchana hushinda shimoni, mahali ambapo udongo hushika unyevu hata harmatani, ule upepo mkavu wa kutoka Sahara, ikivuma.

Basi mpe shimo. Kisanduku cha plastiki chenye tundu la kupitisha mwili, ndani yake makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka yasidondoshe tone, kikae upande wa joto na kibadilishwe yakianza kunuka au kuota ukungu. Wapo wanaozidisha: wanalowesha sakafu nzima huku tangi likiwa baridi, wakaambulia vidonda vya tumbo na ugonjwa wa mapafu. Unyevu huenda na joto, yaani nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi upande mmoja na 24 hadi 26 upande wa pili. Mkeka wa joto usiwashwe bila thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, na kihisio chake kilale pale tumbo linapolala. Kipimajoto kilichobandikwa ukutani hakijui kinachotokea sakafuni.

Hayo yakiwapo, pamoja na nyenje wasiozidi upana wa kichwa cha mjusi na waliopakwa unga wa kalsiamu, hoja ya kifungo hupungua uzito. Huyu si mnyama wa masafa. Hukaa karibu na maficho yake na kuvizia. Hataki mwenziwe pia, na madume wawili wakiwekwa pamoja watajeruhiana. Aliyeanguliwa tangini, anayekula vizuri na mwenye mkia ulioshiba, ni vigumu kuonyesha amepungukiwa nini. Visanduku finyu vya kupangwa kwenye rafu, ambavyo baadhi ya wazalishaji huvipenda, ni habari nyingine. Hapo wapinzani wana haki.

Wana haki zaidi kwa geko waliokamatwa porini. Hawa hufika na mkia uliosinyaa au uliokatika na kuota upya kama kitunguu, wamekaukiwa maji, wamejaa minyoo, na kuna wanaogoma kula hadi kufa. Wanaookolewa huhitaji karantini ya miezi mitatu kwenye tangi lililotandikwa karatasi tupu, na kinyesi kupimwa zaidi ya mara moja, kwa sababu kipimo kimoja kisicho na vimelea hakithibitishi kitu. Bei yao ndogo ndiyo mtego, maana gharama ya daktari hulipwa na mnunuzi.

Jibu la wafugaji ni kununua waliozalishwa tu, nami naliona zito: jike hutaga mayai mawili mawili, mara kadhaa kwa msimu, kwa hiyo kuzalisha kunawezekana bila kugusa pori. Tundu la hoja hiyo liko kwenye lebo ya muuzaji. Katika biashara ya reptilia, hasa ya chatu wa Afrika Magharibi, kuna mtindo wa kukamata majike wenye mayai, kuangulia mayai hayo na kuuza watoto kama mazao ya shamba. Kwa hiyo "aliyezaliwa kifungoni" peke yake haitoshi. Muuzaji aulizwe tarehe ya kuanguliwa, wazazi waonekane, na joto la kuangulia litajwe, kwani ndilo linaloamua jinsia: karibu nyuzi 28 hutoa majike wengi, karibu 32 madume wengi. Aliyeangua mwenyewe hujibu hilo bila kufikiri.