Mowa ya meno imekufa, lakini ya sahani sinunui

Mwezi uliopita mowa yangu ya meno, ile mashine ya trekta ya kukatia nyasi kwa kisu kirefu cha meno kinachokwenda na kurudi, ilikatika tena pale kisu kinaposhikana na mkono wa mbao. Fundi wetu wa hapa Rongai alishapaunga mara tatu. Safari hii alikitazama chuma, akanitazama mimi, akauliza, "Mzee, bado tu?"

Basi natafuta nyingine, na kila mtu ana ushauri. Vijana wanasema ya sahani, yenye visu kwenye sahani za chuma zinazozunguka, kwa sababu inakimbia. Ni kweli. Ya meno ukiivuta zaidi ya kilomita nane kwa saa inaanza kuruka nyasi, na nyasi za Boma Rhodes zikilazwa na mvua ndiyo balaa: meno yanaziba, unashuka, unachomoa kwa mikono, unapanda, hatua ishirini unashuka tena. Sahani haijui kuziba.

Lakini shamba langu lina mafuko, wale wanyama wanaochimba chini ya ardhi. Ukipita asubuhi unakuta vilima vipya vya udongo mwekundu katikati ya nyasi, na ndani ya udongo huo kuna mawe. Sahani za mowa, nne au tano, zimekaa juu ya kisanduku kimoja kirefu, chembamba, ambamo giya zote zinaoga oili moja. Sahani ikigonga jiwe na giya moja ikavunjika meno, vipande vinasafiri hadi kwa wenzake. Kupaka grisi hakusaidii kitu hapo; ni kufungua kisanduku chote, na spea uanze kuulizia Nakuru. Muuzaji mmoja aliniambia hizo ni hofu za wazee. Nikamwuliza beringi zake anazo dukani. Akanionyesha katalogi.

Mimi nimeamua mowa ya madramu mawili, yaani mapipa ya chuma yanayozunguka yakiwa na visu chini, yenye upana wa kukata wa mita 1.65. Trekta langu la nguvu za farasi 50 linayazungusha bila kulia. Nguvu inapita kwenye mikanda, kwa hiyo dramu likigonga kitu kigumu mkanda unateleza kwanza kabla giaboksi haijaumia. Visu, vitatu kila dramu, vinaning'inia tu. Vikigonga jiwe vinarudi nyuma, na kubadilisha kimoja ni kazi ya kuminya springi kwa wenzo. Hata kijana wa ng'ombe ataweza.

Ubaya wake ninao pia. Ni zito, trekta likiwa jepesi mbele linapanda pua, kwa hiyo lazima uning'inize vyuma vya uzito. Nyasi linazirundika katikati kwa mstari mnene, juu pamekauka, chini bado mbichi, ukichelewa kugeuza unafunga marobota yenye ukungu. Na hukata chini mno kama hukuliongezea ringi za kulinyanyua. Hapo linachota udongo wa fuko na kuutia kwenye hei, yaani nyasi kavu, na mteja wa ng'ombe wa maziwa akishakuta mchanga kwenye robota harudi. Boma nayo ikikatwa karibu mno na ardhi huchelewa kuchipua.

Halafu turubai linaloyazunguka madramu lisitolewe kamwe, hata likichanika. Jiwe likirushwa na kile kisu halichagui mtoto wala mbwa.

Arubuni nimeshatoa. Ya meno siuzi kwa vyuma chakavu: bondeni kule hakuna mafuko, na katrekta ka jirani hakawezi kuzungusha dramu, ila meno kanayavuta vizuri tu. Itabidi paungwe mara ya nne. Fundi bado hajaambiwa.