Siku mtaa mzima ulipojua nafuga jini

Jamani hii imenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Mji wa Kale. Jumamosi nilitakiwa niwaeleze vijana wa fomu foo habari za kyubiti za spini, vile vipande vya habari vya kompyuta za kwantamu (spini ni ile hali ya elektroni kuwa kama kisumaku kidogo, kinaelekea juu au chini), yaani unakamata elektroni moja tu, unaifungia kwenye kidoti cha silikoni ambacho unywele ni mpana kukishinda mara mia kadhaa, halafu kabla ya hesabu yoyote lazima uiandae, spini yake iwe chini. Wazo walilitoa wanafizikia Loss na DiVincenzo mwaka 1998, na 2004 kule Delft, Uholanzi, wakaweza kusoma spini ya elektroni moja. Sasa mueleze hayo mtoto wa Mombasa, saa tisa mchana, joto lile.

Nikaona nifanye mazoezi na watoto wa mtaa. Nikachora duara kwa chaki barazani kwetu, hiyo ndio doti. Anayesimama ni spini juu, anayechutama ni spini chini. Elektroni inataka sumaku, ndio juu na chini zitofautiane nguvu, basi nikang'oa sumaku ya spika mbovu nikaitundika juu ya duara na kitambaa chekundu, sikuwa na kingine walahi. Halafu baridi. Mashine zenyewe kwa kawaida zinapozwa mpaka chini ya sehemu moja ya kumi ya kelvini, karibu na baridi ya mwisho kabisa, maana kukiwa na joto elektroni ya juu na ya chini zote zinaingia na kutoka zinavyotaka, kama stendi ya matatu. Mimi nikanunua barafu za mfuko nikazipanga kuzunguka duara.

Kuna na kidude kinakaa pembeni, hakiigusi elektroni, kinahisi tu chaji yake kikajua ipo au imetoka. Hiyo kazi shangazi yangu anaifanya pale dirishani miaka yote bila mshahara.

Basi kajukuu ka jirani kamechutama katikati, macho kamefumba maana nilikaambia katulie, mimi nazunguka nasema, "Wa juu toka, wa chini baki, wa juu toka, wa chini baki." Wazee ndio wanarudi kuswali Alasiri.

"Audhubillahi! Wamfanyani mjukuu wangu?"

"Shikamoo mzee. Namuandaa tu."

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi na kimbelembele changu nikaanza kueleza, na kila neno lilikuwa linanizika. Nikasema kuna kitu hakionekani kwa macho. Nikasema nakifungia peke yake kwenye chumba kidogo, chenye baridi. Nikasema aliye juu ana nguvu zaidi, atapata njia ya kutoka, na wa chini ndio wetu, huyo tutamtuma kazi. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na akishatumwa?" Nikamjibu, tena kwa furaha, "Anaweza kuwa juu na chini kwa wakati mmoja!"

Watu wakarudi nyuma hatua tatu. Shangazi akashuka ngazi mbio na buibui mkononi, akaikanyaga barafu, akateleza mpaka katikati ya duara, akaondoka na sumaku na kitambaa chake. Doti ya watu wawili hiyo, na mmoja anapiga kelele.

Jioni nikaitwa ukumbini nikanyweshwa kombe, sahani nzima imeandikwa kwa zafarani ikaoshwa kwa maji ya marashi, nikalinywa lote mbele ya mashahidi. Ladha si mbaya. Shangazi kiuno kimefungwa leso, ananiangalia kama kuna kitu kitanitoka puani.

Saa nne usiku mlango ukagongwa polepole. Yule mzee wa audhubillahi, peke yake, kofia ameishusha usoni.

"Mwanangu, mambo ya mchana tuyaache. Huyo wako, yule wa chini... waweza kumuuliza ni nani aliyeniibia mkokoteni wangu?"