Majirani Wanaziokoa Nyumba, Serikali Inawahesabia Miaka

Juzi nimesikia tena kwamba kufufua nyumba tupu za Uingereza ni kazi ya makampuni makubwa ya ujenzi, eti vikundi vya mtaani ni watu wema tu wenye brashi za rangi. Maneno haya yananikera sana.

Huko Granby, Liverpool, hao wakubwa walipewa nafasi yao. Mpango wa serikali wa kubomoa na kujenga upya, ulioanza 2002, ulifutwa 2011, na nyumba nyingi zikabaki na madirisha yaliyozibwa. Wakazi wachache waliogoma kuhama, wanawake wakiwa mstari wa mbele, hawakukaa kungoja. Walifagia mitaa, wakapaka rangi zile mbao za madirishani, wakapanda maua barabarani, wakafungua soko. Kisha wakaunda amana ya ardhi ya jamii, yaani chombo kinachomiliki nyumba kwa niaba ya wakazi, na kukabidhiwa nyumba 10 za Cairns Street. Wabunifu wa Assemble walioshirikiana nao wakatwaa Turner Prize, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2015. Tuzo ni nzuri, lakini kwangu jambo kubwa ni hati ya umiliki: nyumba zikiwa mikononi mwa amana, hakuna atakayeamka kesho aziuze kwa bei ya juu na kuwafukuza waliouokoa mtaa.

Leeds kuna kikundi cha Canopy, ambako anayetafuta makazi huweza kushika kazi kwenye nyumba atakayoishi mwenyewe. Hull kuna Giroscope, iliyoanzishwa na vijana waliokuwa wanafunzi miaka ya 1980, na bado ipo. Mtu anajifunza kupiga plasta, anapata ufunguo, anajuana na jirani kabla hajahamia. Kampuni gani inayotoa vitu hivyo vitatu kwa mkataba mmoja?

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba vikundi hivi ni vidogo na nyumba tupu ni nyingi mno. Lakini udogo huo umelelewa. Serikali ilitenga ruzuku mahususi kwa vikundi vya jamii mwaka 2012, vikaajiri, vikafunza watu, vikazoea kujadiliana na wenye nyumba. 2015 mfuko ukafungwa. Utamfundishaje kijana ufundi kwa fedha zenye tarehe ya kufa?

Halafu kodi. Nyumba mpya haitozwi VAT, ukarabati wa kawaida unatozwa asilimia 20. Kwa nyumba iliyokaa tupu miaka miwili kuna nafuu ya asilimia 5, ila inapitia kwa mkandarasi aliyesajiliwa kwa VAT. Kikundi cha kujitolea kikienda dukani chenyewe kununua mbao na rangi, kinalipa 20 kamili. Yaani anayefanya kazi kwa mikono yake ndiye anayebanwa!

Halmashauri zinaweza kumtoza kodi zaidi mwenye kuacha nyumba tupu, na zinafanya hivyo. Sawa. Basi fedha hizo zirudi kwa vikundi kila mwaka, na nafuu ya asilimia 5 ifike hadi kwenye risiti zao za dukani.